Mashine ya Mwalimu Haitaki Wageni

Murusagamba,
11 Februari 2024

Mwanangu Deodata,

Nawasalimu wewe na Privatus wako, na yule ng'ombe wenu mkorofi kama bado yu hai. Sisi huku tunapumua. Maharage ya kwanza yameshaingia ndani. Goti la baba yako limepata nafuu; juzi alikuja kutoka Mabawe bila fimbo, akazunguka uwanja mzima ili kila mtu amwone.

Usishangae kupata barua. Simu nimeichoka. Nikipanda kilimani kutafuta mtandao, inanasa wa Burundi, na salio linakwisha nikiwa bado kwenye salamu. Shibuda amekubali kubeba barua zetu kwenye lori lake la maharage. Anasema mimi ndiye niliyempokea mwanawe wa kwanza pale zahanati, na mkunga hatozwi nauli ya karatasi. Nimestaafu, lakini bado nakula matunda ya kazi yangu.

Sasa shida. Mashine ya Mwalimu inazima.

Unaijua, wewe ndiye uliyemmulikia tochi wakati anaifunga. Kompyuta kuukuu ya ofisi iliyokuwa inangoja kutupwa, marehemu mume wangu akaifufua, akaiita seva, akaiweka sebuleni. Intaneti haina, lakini mtoto yeyote akisimama barazani na simu anapata masomo, mitihani ya zamani, na zile hesabu alizorekodi Mwalimu Ildefonce mwenyewe kwa sauti yake. Jioni baraza linajaa. Na unajua tabia yake: kila akimaliza mfano anauliza, "Wewe uliyekaa nyuma, umeelewa?" halafu ananyamaza kidogo, kana kwamba kuna mtu atajibu.

Tangu miezi ile baada ya matanga, inakatika. Haiumwi, haikohoi, haionyeshi dalili. Inasema tu "tukigawanya kwa saba", halafu kimya, na taa zimezimika. Ukibonyeza inaamka. Siku nyingine inagoma mpaka ipumzike. Tena si kila siku, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Inaweza kukaa siku nyingi ikiwa nzima kabisa, halafu inakuaibisha.

Shemeji Erasmus ametamka kwamba ikifika misa ya mwaka ya kumwombea Mwalimu, mwezi wa saba, na mashine bado inazima, ataibeba aiondoe hapa nyumbani ikauzwe vipande. Sababu zake anazijua mwenyewe. Yeye ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo, akitamka ametamka.

Mwanangu, sauti ya mume wangu imo humo. Akiibeba, nitabaki na nyumba isiyosema. Niambie la kufanya.

Shangazi yako,
Dafroza


Nyamigogo,
25 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ng'ombe yu hai na ukorofi wake umezidi. Wiki hii amemwaga maziwa yote kwa mguu mmoja, kisha akamtazama Privatus kama vile yeye ndiye mwenye makosa. Mihogo imetoka vizuri. Shibuda alinifikishia barua yako pamoja na vumbi lote la Lusahunga.

Nilipofika kwenye "Wewe uliyekaa nyuma," nikajikuta nimejibu kwa sauti, "Ndiyo, Mwalimu." Privatus akaweka chini sahani akaniuliza naongea na nani. Shangazi, bisibisi yangu ya kwanza nilipewa na yule mzee. Wengine walisema mtoto wa kike atajichoma na umeme. Yeye akasema akijichoma atajifunza. Mashine hiyo haiondoki.

Sasa tuitazame kama mgonjwa wako. Mashine inayozima hovyo ni kama yule mama anayefika zahanati akasema anaumwa mwili mzima. Hatumpi dawa zote. Tunaanza na moja, tunangoja, tunaangalia.

Kabla ya yote, natuma diski ndogo. Ichomeke nyuma ya mashine, unakili masomo yote humo. Hatua nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Lolote likitokea, sauti tutakuwa nayo.

Halafu ifungue. Usizime tu, Shangazi, chomoa kabisa waya ukutani! Utaona vibao viwili vyembamba vimesimama wima kama vitabu. Hivyo ndivyo kumbukumbu yake. Vikiwa vichafu miguuni mashine inasahau inachofanya na kuzima. Vichomoe taratibu, ile sehemu ya rangi ya dhahabu isugue kwa kifutio cha mwanafunzi, rudisha. Vumbi litoe kwa unyoya wa kuku, mkavu. Kisha niandikie, usiniache gizani.

Ningekuja mwenyewe, lakini kazi zimebana, na barabara za huko wakati wa mvua unazijua. Hata kuchomelea nimemwachia mwenzangu kibandani kwa muda, moshi wa risasi ya kuungia nyaya unanikera siku hizi.

Mtoto wako,
Deodata


Murusagamba,
17 Machi 2024

Binti wa kaka yangu, fundi wangu,

Marahaba, marahaba sana! Nacheka peke yangu hapa.

Nimeifungua. Niliogopa kuliko siku niliyopokea mapacha kwa mwanga wa kibatari. Lakini nilipoona ndani nikakaa chini. Deodata, kila waya Mwalimu ameufunga kwa uzi wa mgomba! Ameukausha, ameusokota, ameufunga kwa fundo lile lile alilokuwa akifungia mafurushi ya mitihani. Hakuna waya unaogusa feni, hakuna unaoning'inia. Nimeishi naye miaka yote ile na sikujua kwamba humo ndani kuna usafi wa namna hiyo, mahali ambapo hakuna mgeni anayetazama. Mwanaume huyu viatu vyake alikuwa akivitupa popote.

Nimesugua kwa kifutio, nimepangusa kwa unyoya wa jogoo. Vumbi lilijaa nusu kikombe. Na sasa imepona! Kwaresima hii tangu niisafishe haijazima hata mara moja. Watoto wamefika kwenye sehemu za desimali. Nikiwa jikoni nasikia "umeelewa?" na mimi naitikia huku nakoroga.

Kunakili bado. Nangoja nitulie, niwe na nafasi.

Una akili, mtoto wewe. Kuponya mgonjwa usiyemwona! Mimi katika kazi yangu sikuwahi kuthubutu.

Lakini na mimi nina swali. Moshi wa risasi umeanza kukukera lini? Uliwahi kuniambia unaupenda kuliko manukato. Na siku Shibuda alipokufikishia barua ilikuwa ya kazi, nawe ulikuwa nyumbani mnakula na Privatus. Nauliza tu.

Shangazi

2 Aprili. Barua hii bado iko kabatini, lori la Shibuda limenasa matopeni huku juu. Futa yote niliyoandika hapo mwanzo. Pasaka imezima. Jumatatu ya Pasaka imezima tena. Nikajaribu kunakili kwenye diski jioni ile ile, ikazima katikati. Sina hamu.


Nyamigogo,
21 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole sana. Barua yako imefika imelowa kona moja, lakini nimesoma yote, ya furaha na ya huzuni, na nimelia kidogo pale kwenye uzi wa mgomba. Mafundi tunanunua vibanio vya plastiki. Huyu mzee alikuwa wa peke yake.

Kifutio hakikuwa bure. Sasa tunajua ugonjwa hauko kwenye kumbukumbu, maana umesafisha vizuri kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Tunasogea mbele. Mshukiwa wa pili ni pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Likizeeka linazimia bila kuaga, na sikukuu umeme wa kijijini unapanda na kushuka watu wote wakiwasha redio. Nakutumia lililotumika lakini zima, nimelipima mwenyewe. Nimechora kila waya unakwenda wapi. Uzi wa Mwalimu usiukate, ufungue fundo.

Kuhusu moshi, kifua tu, Shangazi. Mvua hizi. Na siku ile nilikuwa nimepumzika kidogo. Usiwe na wasiwasi na mimi, wasiwasi wote uweke kwenye mashine.

Nitakuja mvua ikipungua.

Deodata


Murusagamba,
19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako anakusalimu, goti limerudi kuuma kwa sababu ya majivuno yake. Mihogo nimeanika, mvua imeilowesha, nimeanika tena.

Boksi lako nimelifunga. Mafundo nimeyafungua moja moja na kuyafunga upya jinsi alivyoyafunga yeye. Mashine ikafanya kazi vizuri, nikakaa nangoja. Alhamisi katekista akaja kupanga mambo ya misa. Tukakaa, tukanywa chai, watoto barazani wanasikiliza. Ikazima mbele yake.

Sasa nitakwambia nilichokuficha, maana mgonjwa akificha jambo mkunga anafanya kazi bure, na nimewakaripia akina mama wengi kwa kosa hilo hilo.

Inazima wakija wageni.

Ndiyo. Wageni. Krismasi alikuja Erasmus, ikazima. Akasimama akafanya ishara ya msalaba. Alirudi mwezi wa kwanza na mkewe, ikazima. Pasaka nyumba ilijaa, ikazima siku zote mbili. Erasmus anasema ni kaka yake hataki watu humu ndani, hajaridhika na jinsi tulivyomzika, na sauti ya marehemu haifai kuachwa inazurura sebuleni. Ndiyo maana anataka kuiondoa. Watu wameanza kuniambia, "Mama, mashine ya Mwalimu haitaki wageni," na wengine hawaji tena. Mimi niliyekuwa na nyumba isiyokauka chai!

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa na wewe utaamini. Na mimi, usiku mmoja mmoja, karibu naamini. Mume wangu alikuwa mkarimu, Deodata. Hakuwahi kumfungia mtu mlango. Kwa nini anifanyie hivi sasa?

Halafu haina hata msimamo! Juzi mama jirani kaingia bila hata hodi, kakaa mpaka jioni anasimulia ya mkwewe, haikuzima. Shibuda kashusha magunia, kaingia kunywa maji, kala na ugali, haikuzima. Lakini mtu akituma taarifa kwamba anakuja, yaani mgeni rasmi, hapo hapo inaanza vituko. Kama ni Mwalimu, basi anawachukia wenye adabu.

Nimechoka, mwanangu. Kama huna dawa nyingine, niambie mapema nianze kuizoea nyumba tupu.

Dafroza


Nyamigogo,
2 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za ng'ombe.

Mwalimu hafanyi hivyo. Mtu aliyefunga nyaya namna ile hakuacha nia mbaya ndani ya boksi. Ningekuwa karibu ningekushika mikono nikuambie mbele ya Erasmus.

Na umenipa dawa bila kujua! Barua yako nimeisoma mpaka Privatus ameniuliza kama ni ya mpenzi. Mteja wa mjini angeniletea mashine akasema "inazima", basi, kwaheri. Wewe umeona kwamba anayeingia ghafla haizimishi, na anayetuma taarifa anaizimisha. Umeona hata nani alikunywa maji na nani alikunywa chai. Nimefundishwa kazi hii na watu wengi, lakini jicho kama lako sijaliona kwa fundi yeyote, naapa.

Sasa mashine haina masikio ya kusikia kwamba mgeni ametuma taarifa. Wewe ndiye unayesikia. Kwa hiyo kuna kitu unafanya wewe, kati ya kusikia kwamba mgeni anakuja na mgeni kuketi, ambacho mama jirani na Shibuda hawakukupa nafasi ya kukifanya.

Niandikie kila kitu. Usichague la maana na lisilo na maana. Ungemwambia nesi mgeni zahanati jinsi ya kuandaa chumba cha kuzalishia, ungemwambia mpaka mahali pa kuweka beseni. Hivyo hivyo.

Haraka, Shangazi. Mwezi wa saba hauko mbali.

Deodata


Murusagamba,
16 Juni 2024

Deodata,

Marahaba. Umenifanya niitazame nyumba yangu kama mgeni.

Haya. Nikisikia mtu anakuja, kwanza nafagia uwanja, kisha sebuleni. Namwagia maji kidogo vumbi lisipande. Viti natoa juani, nakung'uta mito. Nawasha jiko la mkaa, lakini liko nje, joto haliingii. Watoto nawaambia wakae barazani wasipige kelele, na siku hizo wanakuwa wengi kwa sababu wanajua kuna mandazi. Picha ya Mwalimu naipangusa. Natandika vitambaa, kwenye viti, kwenye meza, kwenye redio, kwenye mashine. Vikombe vya maua navitoa kabatini. Naoga, nabadili kanga, nakaa nangoja. Basi. Hakuna uchawi hapo, kila nyumba yenye heshima inafanya hivyo.

Umesema nisichague, kwa hiyo nieleze na kile kitambaa cha mashine, maana hujawahi kukiona. Nilikifuma baada ya matanga, wewe ulishaondoka. Nilikuwa sipati usingizi, mikono haina mtu wa kumhudumia. Nikanunua uzi mweupe nikaanza, na kila duara nikasema hili la mwisho, nikaongeza lingine. Kimekuwa kikubwa, kizito, kinafunika mashine yote mbele na nyuma mpaka mezani. Siku za kawaida nakikunja kisichafuke. Wageni wakija nakitandika, kwa sababu sitaki kazi ya mume wangu ionekane bati tupu mbele ya watu. Nikikiangalia pale, najiona nimemvalisha shati safi.

Hayo ndiyo yote. Sasa zamu yangu.

Moshi wa risasi unakukera. Siku za kazi uko nyumbani. Unasema utakuja mvua ikipungua. Mvua imepungua, sasa hivi tunameza vumbi, na hujaja. Shibuda anasema alipokuletea mzigo hukuinuka kitini, wewe uliyekuwa unaruka kama mbuzi. Na mwandiko wako, mwanangu. Barua ya kwanza ulikaa mezani. Hizi mbili za mwisho mistari inapanda na wino unakatika katikati ya maneno, kama kalamu ya mtu anayeandika amelala. Daktari amekuamuru usitoke kitandani, siyo?

Mimi sikuulizi jina la ugonjwa. Nimeukuta kwa wanawake wengi, na unaishia kwa kilio cha mtu mpya.

Najua kwa nini umenyamaza. Mimba mbili za kwanza hazikufika, na mtu akiumwa na nyoka mara mbili hatangazi safari ya msituni. Sikulaumu. Lakini kuogopa peke yako huko Nyamigogo, hapo ndipo nakulaumu. Mkunga uko naye kwenye ukoo, unamwandikia habari za vifutio!

Lalia ubavu wa kushoto. Miguu ikivimba na usoni nako kukivimba, usinisubiri mimi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Shangazi yako


Nyamigogo,
20 Juni 2024

SHANGAZI, KITAMBAA!

Shikamoo. Shibuda anangoja mlangoni, lori linaunguruma, naandika mbio.

Kitambaa ndicho. Mashine inapumua, Shangazi. Inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma, na ile feni kuukuu inajikokota. Ukiifunika kote, na siku hiyo watoto ni wengi wanaitumikisha, joto linapanda ndani mpaka inajizima yenyewe isiungue. Haikatai wageni. Inajiokoa! Kwaresima hukuwa na mgeni wa kutandikiwa, ikapona. Pasaka ukaitandika, ikazima. Mama jirani hakukupa nafasi ya kutandika chochote. Siku ya kunakili, hebu kumbuka, kitambaa kilikuwa juu bado. Ningeweza kutuma mapawa saplai ya Biharamulo yote, ingezima tu.

Usijilaumu hata kidogo. Ulimvalisha shati. Nani angejua?

Fanya hivi. Kitambaa toa, kisirudi. Katikati ya feni kuna karatasi ya gundi ya mviringo. Ibandue, tia tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, rudisha. Isogeze mashine iache nafasi na ukuta. Kisha nakili sauti zote kwenye diski.

Na lile jingine, ndiyo. Ni kweli. Umeliona kwenye wino! Nimecheka mpaka daktari angenikaripia. Niliogopa kulitamka, Shangazi. Nilidhani nikilitamka na hili litaondoka. Linacheza sasa hivi ninapoandika. Ni mtoto wa Agosti.

Wako, nimelala ubavu wa kushoto,
Deodata


Murusagamba,
28 Julai 2024

Mwanangu, binti yangu, fundi wa mafundi,

Nakusalimu, na huyo mwingine namsalimu pia, mwambie bibi yake wa Murusagamba ana kelele.

Misa imepita Jumamosi ya juma lililopita. Nikueleze kwa utaratibu, maana najua hapo ulipolala huna kazi nyingine.

Tone la mafuta nilitia. Feni ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kisha ikanyamaza na kuzunguka kama mpya ya dukani. Kunakili kulikwenda mchana kutwa, hakukukatika. Diski nimeifunga kwenye kanga, iko chini ya mto wangu. Wewe ndiye uliyenipa ile sauti mara ya pili.

Lakini siku ya misa nilikuwa mgonjwa kwa hofu, nisikudanganye. Watu walijaa sebuleni, barazani, mpaka kwenye migomba. Nilitandika vitambaa vyote, viti, meza, redio. Mashine nikaiacha bati tupu. Wifi zangu wakanitazama. Mmoja akaninong'oneza, "Dada, umesahau kuifunika." Nikamwambia, "Inapumua hiyo, iache." Akaniangalia kama mtu aliyeharibikiwa na msiba.

Erasmus alikuja na kamba. Kamba, Deodata! Ya kufungia mashine kwenye pikipiki. Akaketi mbele yake kabisa, mikono magotini, anangoja izime. Nikawaruhusu watoto wote wafungue simu zao kwa pamoja, kusudi. Nilisema moyoni, kama ni kuniaibisha, niaibishe leo tumalize.

Tukala. Tukanywa. Katekista akasali sala ndefu kuliko zote alizowahi kusali, nadhani na yeye alikuwa anangoja. Taa inawaka tu. Nikaweka mkono ubavuni pa mashine, kama nilivyokuwa nikimpima mtoto mwenye homa. Vuguvugu, basi.

Mtoto mmoja barazani akaongeza sauti. Mwalimu akawa anafundisha kugawa shamba kwa ndugu wawili, ule mfano wake wa siku zote. Akamaliza. Akauliza, "Wewe uliyekaa nyuma, umeelewa?" Kile kimya chake kikaja.

Na Erasmus akajibu. Kwa sauti ya mtoto wa shule, sijui aliitoa wapi. "Nimeelewa, kaka."

Kisha akalia. Mzee mzima, mkubwa wa ukoo. Nikaketi karibu naye tukalia wote, na watu wakalia, na Mwalimu akaendelea na mfano wa pili kama kawaida yake, hana habari. Baadaye Erasmus akaniambia kwamba hakuogopa mzimu. Kila alipokuja alikuwa anakuja kuisikia sauti ya kaka yake, na kila alipokaribia inakatika, akaona kaka yake amemkataa yeye. Kwa hiyo alitaka kitu kile kitoke asikione tena. Maskini! Mimi nilimchukia miezi yote ile, na yeye alikuwa anaumia tu.

Kamba ameiacha hapa. Tumeanikia nguo.

Sasa wageni wanakuja tena mpaka sukari inakwisha, na wote wanataka kuona "mashine inayopumua". Nawaeleza mambo ya feni kwa mamlaka kamili. Nasema nimefundishwa na binti wa kaka yangu, fundi wa Nyamigogo, aliyeponya mashine akiwa amelala kitandani, hajaigusa hata kwa kidole. Nalitaja jina lako mara nyingi kuliko la padri.

Kitambaa kilinisumbua kidogo. Kukitupa siwezi, kukikunja kabatini ni kumzika Mwalimu mara ya pili. Nikakaa nacho jioni kadhaa. Halafu nikavuta uzi wa mwisho, na chenyewe kikaanza kufumuka, duara baada ya duara, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike mume wangu mikono ikawa na mtu wa kumhudumia. Nimekifumua chote, nimeosha uzi, nimeanika kwenye kamba ya Erasmus, nimefuma upya.

Shibuda anakuletea. Ni shali. Laini, nimeijaribu shavuni. Mimi mwenyewe nafuata na lori lijalo, mfuko wangu wa ukunga umeshafungwa kwa uzi wa mgomba. Maumivu yakianza sijafika, nenda hospitali, tutakutana huko huko.

Mtoto akija, mfunike vizuri, huko kwenu asubuhi kuna baridi. Lakini uso uuache wazi.

Shangazi yako,
Dafroza